Kikombe cha Ziada

Kati ya banda langu la ushonaji na gereji ya Moshi kuna ukuta wa mabati tu, na ndiyo maana miaka yote hii nimeshona suruali za watu huku meno yakinigongana kwa ngurumo za injini. Jina la Moshi alipewa na wateja. Mtaa mzima, yeye peke yake ndiye aliyebaki aking'ang'ania pikipiki zile za zamani, ambazo oili yake huchanganywa humohumo kwenye petroli na zikipita zinaacha moshi wa buluu. Wenzake wameshahamia pikipiki za kisasa. Ukimshauri na yeye ahame, anakutazama kama umemtukania mama.

Ni mtu mgumu, nisiseme uongo. Kuna kosa moja ambalo mteja akilifanya, hata wapita njia watasimama kusikiliza. Watu wengi hudhani wakizidisha oili kwenye petroli wanaisaidia injini. "Unaiua!" Moshi hufoka. "Jeti ni tundu, na tundu halina huruma! Linapitisha kiasi kilekile. Ukijaza oili, petroli inapungua, injini inachemka, pistoni inanasa. Halafu unakuja kunililia mimi!" Hotuba hiyo nimeisikia hadi naweza kuitoa nikiwa usingizini. Jeti yenyewe ni kijiskrubu cha shaba chenye tundu katikati, kinakaa ndani ya kabureta na kuipimia injini petroli yake.

Pistoni kunasa kwake si hadithi. Ujanani, pikipiki ilimnasia akiwa mbio, gurudumu la nyuma likagoma ghafla, naye akarushwa. Goti lake la kushoto halijakunjika vizuri tangu siku hiyo.

Sasa mtu huyo ana binti mmoja, aliyerithi mikono yake, masikio yake na ukaidi wake wote. Mwaka huu binti alitaka kuingia mashindano ya kupanda kilima, kwa pikipiki ya zamani ya baba yake. Wawili hao walikuwa wameigeuza: silinda wameichonga upya, ekzosi ya tumbo nene, kabureta kubwa kuliko ile iliyokuja nayo. Injini ikishafanyiwa hivyo, jeti ya mwanzo haifai tena. Inabidi kutafuta nyingine kwa kujaribu, unakimbiza pikipiki, unazima, unafungua plagi na kutazama rangi yake.

Vita vilianzia hapo. Moshi alifunga jeti yenye tundu kubwa. Binti akaenda hadi mwisho wa barabara na kurudi, injini ikikohoa njia nzima. Akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa petroli.

"Baba, hii siyo pikipiki. Hili ni jiko la kuni."

"Inatosha."

"Inatosha kwenda sokoni. Nataka jeti ndogo."

"Petroli nyingi haijamuua mtu."

"Kwani unaniogopea mimi au unaiogopea injini?"

Moshi akainamia sanduku la spana, akawa anatafuta kitu ambacho najua hakukihitaji.

Wiki nzima ikawa hivyo. Asubuhi binti anafunga jeti ndogo, mchana baba anarudisha kubwa. Mimi nilikuwa namshonea binti suti ya mashindano, yenye sponji mara mbili magotini, na kila akija kupima ananiambia, "Mjomba, sema naye." Mwishowe nikachoka, nikazunguka ukuta.

"Bwana wee," nikamwambia Moshi, "mwanao ukiendelea kumfungia woga wako, atakwenda kufungiwa jeti na fundi mwingine."

Hilo lilimchoma. Kesho yake walitoka pamoja kwenye barabara ndefu ya nyuma ya maghala, wakabadilisha jeti moja baada ya nyingine, hadi plagi ikatoka na rangi ya chai ya maziwa, rangi ambayo mafundi wa pikipiki hizi huitafuta kama dhahabu. Nikamsikia akimfundisha: vidole viwili viwe juu ya klachi muda wote. Injini ikianza kuimba kwa sauti nyembamba, tamu kupita kiasi, usifurahi, inakaribia kunasa. Kamata klachi hapohapo, gurudumu lisije likagoma.

Nikadhani kesi imekwisha.

Siku ya mashindano nilikwenda, zaidi kwa ajili ya suti yangu. Moshi alichanganya petroli mwenyewe, ametugeuzia mgongo. Zamu ya binti ilipofika, akaondoka kwa kishindo cha kupendeza. Kilima kirefu, vumbi jekundu, gesi yote. Katikati ya mlima mlio ukapanda, ukawa mwembamba na safi.

"Sikia inavyoimba!" nikasema.

Nilipomgeukia Moshi, uso wake ulikuwa umekauka.

"Nimeongeza," akasema.

"Umeongeza nini?"

"Oili. Kikombe kimoja cha ziada. Nilitaka tu... nilitaka iwe salama."

Yeye! Yeye mwenye hotuba! Kabla sijapata la kumjibu alishaanza kukimbia kupanda mlima, na goti lile, akiita jina la mwanawe. Mlio ukakatika. Vumbi likafunika kila kitu.

Vumbi lilipotulia, binti alikuwa bado amekaa juu ya pikipiki. Ilikuwa ikiserereka kimya kuelekea pembeni, mkono wake umeng'ang'ania klachi.

Tulipomfikia alikuwa ameshatoa plagi kwa kitambaa. Nyeupe kama chaki, ishara kwamba injini ilikosa petroli ikachemka. Akafungua tangi, akachovya kidole, akakisugua na dole gumba.

"Baba. Nani kaongeza oili?"

Moshi alikuwa anahema, hawezi hata kusimama wima. "Mimi."

Nikasubiri binti atoe hotuba. Ilikuwa haki yake kuitoa, na anaijua kuliko mimi. Badala yake aliisukuma kiki polepole, kwa mkono, akaona pistoni bado inapanda na kushuka.

"Haijanasa," akasema. "Nilikamata klachi, kama ulivyonifundisha."

Moshi akachomoa kikombe cha kupimia kwenye mfuko wa ovaroli, akampa. Mashindano ya binti yaliishia pale. Tangu siku hiyo binti ndiye anayechanganya petroli.

Juzi mteja mmoja alikuja na pikipiki iliyonasa, akakiri kwamba alizidisha oili. Nikaweka mkasi chini, nikajiandaa kwa kelele. Badala yake nikamsikia Moshi, upande wa pili wa mabati, akiuliza kwa upole:

"Ulikuwa unamwogopea nani?"

"Mke wangu," mteja akajibu. "Yeye ndiye anayeiendesha."

Nikasikia Moshi akimvutia kigoda akae.