Rosi Tuliyoifanya Mlangoni mwa Jiko

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, naikumbuka kuliko Ijumaa iliyoifuata, ingawa Ijumaa ndiyo niliyoolewa. Ukiniuliza padri alisema nini kanisani sitakwambia, maana sikumbuki. Lakini ile Alhamisi alasiri, nimekaa kwenye kiti kifupi sebuleni kwetu Karama, hapa Dubai, tui la nazi linanichuruzika mpaka ndani ya masikio, na chumba kizima cha wanawake kimya, hiyo naiona mpaka leo. Nakusimulia sasa kwa sababu na wewe umebakiwa na wiki moja tu uolewe, na jana umenipigia simu ukasema, "Bibi, wewe ndiye utakayetuimbia rosini." Nikajibu sawa. Nilipokata simu sikujua kama nimekubali au nimejitia matatani.

Wewe umezaliwa hapa hapa Dubai, kwa hiyo mengine itabidi nikueleze, univumilie. Sisi ni Magoa wa Unguja. Babu yangu alitoka Goa, pwani ya India, kwenda Unguja kushona nguo za watu, akaoa Mgoa mwenzake, wakazaa. Nyumbani kwetu tulisali kwa Kikonkani, lugha ya Goa, tukagombana kwa Kiswahili, na shuleni tukafundishwa kwa lugha nyingine kabisa. Unguja watu walituita Wahindi. Wahindi wenyewe walituita Magoa. Baba alipofuata kazi tukahamia huku, wale Magoa waliotoka kwao moja kwa moja wakatuita Waafrika. Mimi nilikuwa msichana, nikaacha kuuliza mimi ni nani, nikatafuta kazi ya kupiga chapa kule bandarini Jebel Ali.

Tulihama pamoja na Tiya Ermina, dada mkubwa wa baba. Tiya ni shangazi, ndivyo tusemavyo sisi. Alifiwa na mume angali kijana, akabaki kwetu, hakuolewa tena. Kikonkani cha nyumba yetu kilikuwa kwake. Sisi wengine tulikuwa na vipande: sala, matusi madogo madogo, majina ya vyakula. Mimi nilikiona Kikonkani kama maumivu yake ya magoti, jambo la uzee wake, halinihusu.

Sasa rosi. Siku moja kabla ya harusi, bibi harusi hukalishwa, akapakwa tui zito kichwani na mwilini na wanawake wa ukoo, mmoja mmoja, kumtakasa na kumuaga usichana. Huku anapakwa, huimbwa nyimbo tunazoziita zoti. Mmoja huanzisha, wengine huitikia. Bila zoti, ile ni nazi tu, ungeweza kujipaka mwenyewe bafuni. Na katika ukoo wetu kulikuwa na katazo: mjane hamgusi bibi harusi wala haanzishi wimbo, asije akamwachia bahati yake. Mahali pake siku hiyo ni jikoni.

Huoni tatizo? Sisi hatukuliona mpaka siku yenyewe.

Niliyekuwa naolewa naye ni Agnelo, babu yako huyo uliyemzoea kwenye picha. Alikuwa kwenye duka la vipuri vya magari Ras Al Khor, ametoka kijiji kimoja cha Goa. Mama yake, Mai Santana, alipanda ndege kuja harusini, na tangu alipofika alikuwa na wasiwasi mmoja, hakuuficha. Alimuuliza mwanawe mbele yangu: huyu msichana wa Afrika, watoto atakaozaa watasali kwa lugha gani? Agnelo akacheka. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba rosi ndiyo mtihani wangu, na kwamba Mai Santana akiondoka Dubai na wasiwasi ule ule, ndoa yangu itaanza na mtu anayenitazama kwa jicho la pembeni maisha yake yote.

Kwa kawaida kila upande hufanya rosi kwake. Lakini nyumba za Dubai unazijua zilivyo finyu, tukafanya pamoja kwetu, upande wangu ukiwa mwenyeji. Kwa hiyo nyimbo zilikuwa juu yetu.

Mama akachovya mkono kwenye tui, akanichora msalaba utosini, akaanzisha ubeti wa kwanza. Huo kila mtu aliujua, ni wa kumwomba Mungu baraka. Ubeti wa pili ulifika nusu. Wa tatu haukuanza. Wanawake wakatazamana. Jirani mmoja akashauri tuimbe litania ya kanisani, mwingine akasema kuna mtu ana kaseti ghorofa ya chini. Mai Santana alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani. Kule jikoni Tiya Ermina alikuwa anakuna nazi, tukasikia mbuzi imenyamaza. Kila mtu mle ndani alijua kwamba Tiya anazijua zoti zote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama akautazama mlango wa jiko, akamtazama Mai Santana, akainamisha kichwa.

Basi nikanyanyuka. Bibi harusi akishakalishwa hanyanyuki mpaka aoge, na mimi niliyajua hayo. Nikasikia wanawake wanavuta pumzi nyuma yangu. Nikaingia jikoni, tui linadondoka kwenye zulia la kukodi, nikamkuta Tiya ameketi juu ya mbuzi, mikono mitupu bila bangili hata moja, maana bangili za mjane huvunjwa. Nikamwambia aje sebuleni aimbe, mimi sijali katazo, siku yangu na mimi ndiye mwenye kusema. Nilidhani atalia anikumbatie. Alinitazama kana kwamba nimevunja chungu.

"Nani kakwambia nataka kutoka?"

"Tiya, mila hii inakuonea."

"Huenda inanionea. Hayo nitayazungumza na Mungu wangu. Lakini mila haikunikataza kukufundisha. Tumekaa nyumba moja tangu unanyonya. Siku gani ulinijia ukasema, Tiya, anzisha nikuitikie?"

Mwanangu, siku hiyo haikuwepo. Nilikwenda pale kumwokoa mtu, nikajikuta nashtakiwa mimi, na tui lenyewe limeanza kuganda shingoni. Sikujua niombe radhi au nikasirike. Nadhani nilifanya yote mawili, nikasimama tu nikilia.

Tiya akafikiri. Halafu akaniambia nilete kiti changu nikae pale pale kwenye kizingiti cha jiko. Yeye atasema ubeti kwa sauti ndogo akiendelea na nazi yake, mimi niuimbe, na waliopo sebuleni waitikie. Mama alikuwa ameshafika nyuma yangu, akasema hilo nalo haliwezekani, bibi harusi hajiimbii rosi yake, hukaa akanyamaza.

"Mjane haimbi," Tiya akasema. "Bibi harusi haimbi. Nyinyi wengine hamjui. Basi chagueni nani avunje."

Wote wakamgeukia Mai Santana, kana kwamba yeye ni hakimu. Naye akainuka. Nikajua anaondoka, nikajua mambo yameharibika. Akakishika kiti chake, akakiburuta mpaka mlangoni mwa jiko, akakaa mbele ya magoti yangu, akachovya mkono kwenye bakuli.

Tukaimba. Sauti yangu ilikuwa mbaya, na maneno mengine niliyatamka kama mtu mwenye jino bovu. Tiya ananong'ona, mimi naimba, wao wanaitikia, na Mai Santana akiitikia kwa nguvu kuliko wote. Tukafika kwenye ubeti ambao msichana anamwambia mama yake amtazame vizuri, kwa sababu kesho atakapoitwa kwa jina lake ataitikia katika nyumba nyingine. Nilikuwa nimeusikia tangu utotoni Tiya akiuimba huku anachambua mchele. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nilielewa unasema nini, tena nikiwa ninausema mimi. Nikashindwa kuumaliza, Mai Santana akaumaliza kwa ajili yangu.

Walipokwisha kunikogesha, mama akamuuliza mgeni wetu kama tulilofanya ni sahihi.

"Sijui," akasema Mai Santana. "Kwetu haifanywi hivi. Lakini rosi ya mwisho niliyokwenda kwetu, waliweka kaseti."

Hayo ndiyo yote aliyosema, na mimi nimeishi nayo mpaka leo bila kujua yalikuwa sifa au lawama. Katika ukoo ugomvi haukwisha. Wako waliosema mjane ameimba kwa kutumia mdomo wangu, wengine wakasema sikupata rosi kabisa. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, mtu mmoja alinitajia kile kizingiti cha jiko. Niliumia, na ingawa nilimfukuza nyumbani, niliogopa pia. Baadaye nikawapata mama yako na mjomba wako, hakuna aliyesema kwamba hao wameletwa na kizingiti. Agnelo alipofariki, baada ya kulea watoto na kucheza na wajukuu waliokutangulia, kuna aliyeikumbusha tena rosi ile. Huyo nilimcheka, msibani hivyo hivyo.

Lakini tangu Alhamisi ile nilimfuata Tiya jikoni. Yeye akikaanga samaki ananipa ubeti, mimi nikikata vitunguu namwitikia. Alinigombeza sana, alikuwa na subira ndogo. Alipokufa nilikuwa nimezipata nyingi, si zote. Kuna mahali wimbo unafika unazama, siwezi kuupata tena, na hakuna wa kumuuliza.

Sasa nisikilize niliko leo, maana ndiko nilikochanganyikiwa zaidi. Kuna kijana mmoja, mfanyakazi wa ghala kule Jebel Ali, yumo katika kikundi cha kuhifadhi Kikonkani. Huja siku zake za mapumziko kunirekodi kwa simu, kijana mwenye adabu sana. Juzi akanisimamisha katikati ya ubeti. Akasema hapa wimbo unataja ua fulani la Goa, mimi nimetaja karafuu, na karafuu imeingiaje humo? Nikamwambia imeingia Unguja. Akauliza kwa upole kama tunaweza kuisahihisha. Nikakataa. Alipoondoka nikaanza kujiuliza: je, ninachokihifadhi ni Kikonkani, au ni kumbukumbu za shangazi yangu? Jirani yangu wa ghorofa ya tano anatoka Mangalore, mji mwingine wa India, naye ana nyimbo za rosi, mahadhi yake siyajui, na herufi anazoandikia si hizi zetu, siwezi kuzisoma. Yeye anasema hiki ni Kikonkani. Mimi nasema hiki ni Kikonkani. Tunapika pamoja, tunacheka, kisha tunazungumza Kiingereza.

Na sasa mimi ndiye mjane. Wewe umesema mambo hayo yamekwisha, nitakaa mbele ukumbini, nitapewa kipaza sauti, wageni wanirekodi. Nilifurahi, sitakudanganya. Halafu nikahisi hasira, kana kwamba Tiya Ermina amefungiwa jikoni mara ya pili, yeye aliyelishika katazo kwa miaka yote, na mimi nalivua kama kandambili. Nikikaa mbele namsaliti. Nikikaa jikoni nakuumiza wewe. Sijui nitakaa wapi. Usinihimize, nitaamua siku hiyo hiyo.

Lakini kuna jambo nimeliona wiki iliyopita nikashindwa hata kulala mchana kama nilivyozoea. Ulikuja na mchumba wako Kelvin, huyo Mkenya wa Nakuru anayefanya kazi kule Dubai Investments Park. Ulikuwa kwenye simu na watu wa ukumbi. Yeye akaja akasimama nilipokuwa napika, akaninong'oneza kwa aibu, kwa Kiswahili chao cha mtaani ambacho bibi ni shosh na marafiki ni wasee.

"Shosh, siku hiyo mkianza kuimba, mimi na wasee wangu tutaitikia aje na hatujui hiyo lugha?"

Mwanangu, katika ukoo mzima, katika vijana wote wenye damu ya Goa wanaonirekodi na kunipigia makofi, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nimeulizwa na mtu ambaye hata kulitamka jina la lugha yetu anahangaika. Nilibaki na mwiko mkononi. Sijui nifurahi au nione haya kwa niaba yetu sote. Nikampa kiitikio kimoja, akakisema vibaya kama nilivyokisema mimi kizingitini, akarudia, akarudia.

Basi nasaha yangu ni hii, na ndiyo pekee niliyo na hakika nayo. Usiniweke mimi mbele ukadhani umeihifadhi lugha. Lugha iliyo kwa bibi mmoja mwenye kipaza sauti imebakiza bibi mmoja. Mila za kuvunja na za kushika mtazijadili nyinyi, mtakosea kama tulivyokosea sisi, na karafuu muiache au muitoe, mtaamua. Ila njoo. Wiki hii, ukitoka kazini, njoo na Kelvin wako, mniitikie nikiwa napika. Watoto wakija, wakoseshe usingizi kwa Kikonkani kibovu, usingoje kiwe kizuri.

Mungu akupe ndoa yenye kicheko, akupe watoto wenye afya na nyumba isiyokosa wageni. Bikira Maria akufunike. Na siku utakapoanzisha wimbo na mimi sipo, mwanangu, Mungu asikuache ukaumaliza peke yako.