Muulize Kama Anataka Kupatikana

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mvua ilikuwa imekatika tu na bati la biro, ofisi yetu, lilikuwa bado linadondosha maji. Nilikuwa msichana, nina miezi michache katika kazi ya sosiali, ya ustawi wa jamii, huku msituni Walikale, na nilikuwa nimekaa mbele ya foni. Ninyi mliokua na simu mfukoni hamkuijua. Foni ilikuwa redio ya kuongea, sanduku lenye mikro ya kusemea, betri ya gari chini ya meza, paneli ya sola juu ya bati, na waya mrefu uliofungwa kwenye mti. Ukitaka kusema, unafinya kitufe cha mikro. Ukimaliza, unasema “à vous”, yaani zamu yako, halafu unakiachilia. Usipokiachilia, husikii kitu.

Niliipenda mashine ile kuliko chakula. Kila asubuhi, saa ambazo sauti zilikuwa wazi, nilikuwa najiuliza namna gani neno la mtu linapita juu ya msitu wote ule bila kuanguka njiani. Nilimuuliza fundi, akanieleza habari za mawimbi, na nilipotoka kwake nilikuwa na maswali zaidi ya yale niliyoingia nayo. Na haikuwa yetu peke yetu. Hewa ile tuliigawana na wafanyabiashara wa Hombo waliouliza bei ya mawese, na wanajeshi, na mtu yeyote mwenye sanduku kama letu.

Asubuhi hiyo aliita Papa Anselme, mwenzetu aliyeshika foni ya mji wa Sake.

“Dada Aline, bonjour. Niko na muntu hapa, jina lake Bauma. Anatafuta bibi yake Sifa. Balipotezana wakati ya vita kule Masisi. Banasema alikimbilia upande yenu. Munamujua? À vous.”

Nilimjua! Sifa alikuwa anaishi nyuma ya kanisa, karibu na kisima, na kila jioni tulisalimiana. Kazi yetu kubwa wakati huo ilikuwa kuunganisha watu waliotawanywa na vita, na mara nyingi tulitafuta miezi mingi bila kupata hata jina. Leo mume amejileta mwenyewe kumtafuta mkewe. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe, jibu liko mdomoni.

Mama Vumilia akauweka mkono wake juu ya mkono wangu.

Huyu Mama Vumilia ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mama wa Masisi, mtoto wa wakulima wa milimani, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha umsogelee. Hakuninyang’anya mikro. Aliniambia tu, “Sema tumesikia, tutaita Sake tena. Basi.”

Nikasema hivyo. Nilipoachilia kitufe nikamgeukia, nimeudhika kidogo. “Lakini Mama, Sifa iko pale! Bwana yake anamutafuta!”

“Nimesikia. Na Sifa, yeye anatafuta nani?”

Nikatazama dirishani, upande wa kanisa.

“Ulimuuliza kama anataka kupatikana?” akasema. “Ungejibu, hewa yote ingejua penye analala. Halafu ndiyo tungeenda kumuuliza?”

Mwanangu, swali lile lilinishangaza kuliko foni yenyewe. Mpaka siku hiyo niliamini kwamba kila aliyepotea anataka kuonekana. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupotea kwa makusudi, na kwamba yale majani ya msituni yaliyomficha Sifa asionwe na wenye bunduki yangeweza kuwa yanamficha pia kutokana na jambo lingine.

Tulimkuta Sifa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mama Vumilia aliongea kwanza habari za mvua, akangoja jirani amalize kuchota maji aende, ndipo akamwambia polepole kwamba Bauma yuko Sake na anauliza. Sifa hakuacha kutwanga. Mchi ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Mimi nilikuwa namtazama usoni nikitafuta furaha, ao hofu, ao hasira, na sikuona hata moja.

“Alisema juu ya mutoto?” akauliza.

Sikujua kama kuna mtoto. Sifa akatueleza kwamba siku ya kukimbia, binti yake Riziki alikuwa shambani na baba yake, na tangu siku hiyo hakujua kama yuko hai. Kisha akasimamisha mchi, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza kabla.

“Ile mashine yenu, muntu anaweza kusikia bila kusikiwa?”

“Anaweza,” nikamjibu. “Usipofinya kitufe, hakuna mwenye atajua kama uko.”

“Basi nitakuja kusikia.”

Tuliporudi njiani, udadisi ulikuwa unaniwasha mwili mzima. Nikamuuliza Mama Vumilia, “Unafikiri Bauma alimufanya nini?”

Alivuka kwanza dimbwi la maji. Halafu akaniuliza, “Ukijua, utamusaidia namna gani zaidi?”

Nilitafuta jibu mpaka tukafika biro.

Mama Vumilia akamwambia Papa Anselme maneno yaliyopimwa vizuri. Bauma aje asubuhi inayofuata, aseme anachotaka kusema. Sisi hatusemi kama Sifa yuko ao hayuko. Hakumdanganya yule baba, na hakumuuza yule mama.

Asubuhi hiyo aliwatoa watu wote waliokuwa na desturi ya kusimama dirishani kusikiliza. Akafunga mlango, akamwambia Sifa, “Humu ndani tuko sisi tu. Kule kwa hewa, siwezi kukuambia nani anasikia. Usitaje penye uko. Na ukitaka kutoka, utatoka.” Sifa akakaa kwenye kiti, akainama mpaka sikio lake likakaribia sanduku.

Sauti ya Bauma ilikuja na mikwaruzo, rasmi, kama ya mtu anayehutubia.

“Ni miye Bauma. Ninatafuta Sifa, bibi yangu. Sifa, kama uko, ujibu. Uko wapi? À vous.”

Mikwaruzo tu. Sijui, mwanangu, kama umewahi kushika jibu mkononi huku mtu analiomba. Mikro ilikuwa kwangu. Nilimtazama Sifa, na yeye alikuwa anatazama ukuta.

“Sifa! À vous!” Mara hii sauti ilipanda. Kisha tukamsikia akimgeukia Papa Anselme kwa ukali, “Hii machine yenu inafanya kweli ao munanichezea?” Alikuwa amesahau kuachilia kitufe. Sifa alijikunja kidogo kwenye kiti, mabega yakaingia ndani. Nadhani hata yeye hakujua kwamba amefanya hivyo. Mama Vumilia akaelekeza macho mlangoni, kumkumbusha kwamba njia iko wazi.

Ndipo ikasikika sauti nyingine, ndogo, ya mbali.

“Papa, Mama iko ndani ya ile sanduku?”

Sifa akanyoosha mkono. “Nionyeshe penye kufinya.”

Nikaiweka mikro kiganjani mwake, nikamwonyesha kitufe, nikaondoa vidole vyangu.

“Riziki,” akasema. “Ni Mama. Umekula?”

Akangoja, na macho yake yakaanza kujaa kwa sababu hakuna kilichorudi. “Achilia kidole, dada,” nikamnong’oneza. Alipoachilia, mtoto alikuwa katikati ya maneno: “... na viazi, Mama, na kwa Mama mudogo tulikula maharagi!” Sifa akacheka. Akacheka na kulia pamoja, mkono mmoja umefunika mdomo.

Kisha alijipangusa uso, akafinya kitufe tena, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kwanza.

“Bauma, niko muzima. Asante kwa kuchunga mutoto. Lakini nyumba yako sitairudilia. Umupeleke kwa ule dada yangu mwenye unamujua. Nitamukuta kwake. À vous.”

“Kwa nini, Sifa?” Sauti sasa ilikuwa ya mtu aliyechoka. “À vous.”

“Unajua,” akasema Sifa, akaniwekea mikro mezani.

Haikwenda kwa wepesi. Bauma aligoma, na Papa Anselme pamoja na yule dada walikaa naye mara nyingi wakimsihi, mpaka mwishowe akakubali. Sifa alipanda lori la mawese kwenda Sake, na aliporudi alikuwa na Riziki mgongoni ingawa mtoto alikuwa mkubwa wa kutembea. Jambo lingine lililonishangaza ni kwamba Mama Vumilia hakumwacha Bauma. Alimwomba Papa Anselme awe anampitia kumjulia hali. “Alifika kwetu anatafuta,” aliniambia. “Na yeye ni muntu wetu.” Nilisikia baadaye kwamba Bauma, aliporudi mlimani Masisi, alikuwa akituma viazi kwa binti yake, na Sifa alivipokea.

Kwa nini Sifa aliondoka, sijui mpaka leo. Tuliishi jirani miaka, tulizikiana ndugu, na hakuniambia. Nilitaka sana kujua. Nilijifunza kukaa na hamu hiyo kama mtu anavyokaa na njaa ndogo ya kabla ya chakula.

Sasa wewe, mwanangu, unaenda kuanza kazi Masisi, na vyombo walivyokupa vinaona mbali kuliko foni yetu. Unaweza kumpata mtu kwa picha yake, kwa alama ya kidole, kwa namba ya dada yake. Uwe mdadisi, nakuomba sana, kwani mfanyakazi wa sosiali asiyejiuliza maswali anageuka kuwa mtu wa kujaza fomu tu. Lakini udadisi wako uanzie kwa kile ambacho yule mtu anataka, kabla ya kile kilichompata. Kabla hujamtafutia, kabla hujampiga picha, kabla hujaandika jina lake mahali ambapo wengine watalisoma, mwambie nani anaweza kusikia, kisha ngoja jibu lake, hata kama ni kimya. Neno lake aliseme mwenyewe, wewe usaidie tu lifike. Na mambo mengine ya watu utakufa bila kuyajua. Usiyachokonoe.

Mungu akuchunge kwenye barabara hizo za matope. Akupe wenzako wa kucheka nao baada ya kazi, na watu utakaowahudumia wakutaje kwa wema hata mahali usipokuwepo. Nenda na amani, mwanangu, na baraka zangu ziende na wewe.