Nilivyomfanya Bibi Yake Rukmini Muuaji

Kosa ni langu. Silitupi kwa shetani, wala kwa simu, wala kwa aliyeandika kile kitabu. Jina langu niachieni tu, nna mume na wazee wangu wako hai hapa Maskati.

Jirani yangu wa mtaa wa Ghubra alikuwa Mhindi, nitamwita Rukmini. Kazaliwa Mombasa, Kiswahili anakijua kama mie niliyelelewa na wazee wa Unguja. Mwanawe na binti yangu Nadhra walikuwa hawaachani. Siku moja tunakunywa chai, akaniambia kwa kuniamini kuwa bibi yake alikuwa rani, mke mdogo wa raja, mfalme wa kijinchi kimoja huko India, zama za Waingereza. Jina la nchi akanitajia.

"Lakini usiniulize zaidi, dada. Kwetu hatulisemi sana."

Jamani, mie tena niambiwe nisiulize! Nikawashwa.

Haukupita muda, kwenye duka la vitabu vikuukuu mtaa wa Ruwi nikakiona kitabu cha Kiingereza cha kashfa za maraja. Ulevi, wanawake, sumu. Nafungua ndani, ile nchi imo! Mke mdogo, kimesema, alimtilia sumu kwenye maziwa mtoto wa mke mkubwa, mrithi wa kiti cha enzi.

Nikakinunua papo hapo kwa furaha. Ndiyo, furaha! Nnakwambieni ukweli.

Tuna kikundi chetu cha wanawake kwenye simu, na msimuliaji wa visa ni mie. Nikarekodi sauti. Mwandishi kila mahali kaandika "inasemekana". Mie lile neno nikaliondoa, maana kisa hakinogi nalo. Nikatia na vyangu: rani anavyokoroga maziwa, anavyotabasamu mtoto akinywa. Nikamalizia, "Na damu yake ipo hapahapa mtaani, mlango kwa mlango na mie."

Jina sikutaja. Lakini nani asiyemjua jirani yangu?

Watoto wa mtaa wakazuiwa kwenda kwake. Sahani za vitamu anazotugawia zikawa zinarudi hazijaguswa. Wanawake wakimwona dukani, wanahama upande. Nami nikaanza kukiogopa kisa changu mwenyewe! Nadhra akirudi kutoka kule, nnamnusa mdomo.

Rukmini akaja, kasimama mlangoni, hakuvua viatu.

"Dada, uliyemsema ni bibi yangu. Aliyeandika alikuwa karani wa ami yake yule mtoto, nduguye raja. Na ami ndiye aliyekikalia kile kiti. Bibi alifukuzwa na nguo alizovaa. Ungeniuliza tu!"

"Kimeandikwa kitabuni," nikamjibu. "Kitabu kitasemaje uwongo?"

Akageuka, akaenda zake.

Watoto lakini hawajui ugomvi wa wakubwa. Alasiri moja Nadhra akanililia kwenda kucheza. Nikampa kipande cha halwa anyamaze. Halwa ya korosho, mara yake ya kwanza kuionja. Akaponyoka nayo mpaka kwa Rukmini.

Kisha nikasikia Rukmini anapiga ukelele wa kuniita. Nikakimbia. Nadhra yuko sakafuni, midomo imevimba, pumzi inapiga mbinja. Rukmini kapiga magoti, kashika sindano.

"Ni aleji! Hii ni ya mwanangu, daktari ndiye aliyetupa. Nimchome upesi!"

Mie sikuona sindano, niliona maziwa ya kwenye kitabu.

"Usimguse! Muuaji, kama bibi yako!"

Nikampiga mkono, sindano ikaruka ikaingia chini ya kabati. Nikamchukua mwanangu, nikambwaga garini. Ndugu zangu, ile barabara! Magari yamesimama, nnapiga honi, hakuna wa kunipisha. Pumzi ya Nadhra ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, kisha gari likawa kimya.

Hospitali walimrudishia pumzi, alhamdulillahi. Daktari akaniuliza, "Hakuna aliyekuwa na sindano ya aleji karibu?"

Nikasema hakuna! Hata pale nilisema uwongo!

Ubongo ulikosa hewa. Nadhra aliyekuwa anasoma, anaimba, anagombana, leo anavishwa nguo na kulishwa. Ananitazama, wala sijui kama ananijua. Baba yake hanisemeshi ila kwa lazima. Vipimo vikaonesha ni korosho. Kwa Rukmini hakula kitu. Ile ilikuwa halwa yangu, kwa mkono wangu.

Nilipopata nguvu nikakifungua tena kitabu, safari hii kwenye dibaji niliyoiruka. Mwandishi mwenyewe kakiri, tena bila kificho: hakuwahi kuingia ndani ya jumba lile, aliyoyaandika aliyasikia kwa watu wa ami, na ami ndiye aliyempa kazi. Maneno ya ukurasa mmoja tu! Ningeyasoma kabla ya kurekodi...

Nilikwenda kumwomba radhi Rukmini. Nyumba tupu. Mumewe kaomba uhamisho, wameondoka, na simu yangu haipokelewi.

Mngedhani yameishia hapo. Juzi binti wa dada yangu kanirushia kisa, sauti ya mwanamke nisiyemjua: mjukuu wa rani mmoja, Maskati, kamchoma mtoto wa Kiomani sindano ya sumu. Kasimulia vizuri, na "inasemekana" hata moja hamna. Nikaitafuta namba ya yule mwanamke, nikamwandikia, "Uwongo! Mtoto ni wangu, na yule mama alitaka kumwokoa."

Akanijibu, "Wamekulipa ngapi uwatetee?"

Na kisa kinakwenda. Sijui kitafika mji gani, wala kama Rukmini anaishi mji huo.

Basi nyie mnaopenda visa vya majumba ya wafalme, kama nilivyovipenda mie, kwanza muulizeni aliyeandika: ulikuwepo? Nani alikuwa anakulisha? Aliyesemwa alipewa nafasi ya kujibu? Mkikosa jawabu, nyamazeni, nawaomba, nyamazeni ingali mapema. Mie sasa hivi nnapiga kelele, na hakuna anayeniamini.