Waya wa Nyuzi Nane

Mimi si mtu wa kushangazwa. Darasa la nne niliacha katikati, nikabeba magunia ya watu mpaka nikawa na mashine yangu ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Kwa hiyo nilipojenga nyumba Kibaoni, miaka ya tisini, sikungoja msomi anielekeze. Kompyuta nilikuwa nimeiona Dar es Salaam, nikajua itafika na kwetu. Nikamwambia fundi afukie mabomba matupu ya plastiki kutoka sebuleni hadi kila chumba, na ndani ya kila bomba aache uzi wa kuvutia waya. Waya ukipitwa na wakati, unavuta mwingine, ukuta hauguswi.

Uzi nilitoa mwenyewe, wa katani, ule wa kushonea magunia ya mpunga.

Plasta ikakauka, rangi ikapakwa, nikaenda Dar kununua waya. Mwenye duka akanionyesha wa simu, wenye nyuzi mbili.

"Huu unakutosha, mzee."

"Leo unanitosha. Nipe ule wa nyuzi nane."

"Huo wa kompyuta. Huko kwenu zipo?"

"Zitakuja zikute waya."

Nikarudi kifua mbele. Fundi akavuta uzi wa kwanza, kikatoka kipande cha shibiri. Wa pili vilevile. Mchwa walikuwa wamekula katani yote, wakaacha vumbi.

"Hapa ni kuvunja tu, bosi," fundi akasema.

Mke wangu alikuwa barazani akijaza sufi kwenye mito ya kulalia. Hakuinua kichwa.

"Ukuta wangu ukivunjwa, baba watoto, utahamia wewe na waya wako. Mimi nabaki kwenye chumba chetu cha kupanga."

Nilijua hatanii. Nikakaa kwenye ngazi. Upepo ukamnyang'anya kitonge cha sufi, ukakisukuma mpaka miguuni kwangu. Nikakitazama, nikaanza kucheka peke yangu.

Nikanunua mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, nikafunga sufi kwenye ncha, nikaichomeka bombani. Nikaleta kompresa ninayojazia matairi ya trekta, nikapuliza.

"Imetoka huku," mke wangu akaita toka chumbani, "pamoja na vumbi lako lote."

Bomba hadi bomba, waya ukafuata mshipi. Fundi akarudisha patasi mfukoni, nami nikapumua. Tukahamia wote. Ukuta mzima na mke ndani ya nyumba vilinigharimu bei ya ule mshipi, shilingi mia saba na hamsini.