Ngoma ya Gunia la Pamba

Lori la pamba likisimama karibu nami, ile harufu ya vumbi na mbegu hufanya vidole vyangu vianze kupiga paja vyenyewe.

Shangazi ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya, nami nilitaka nafasi yake kabla sijajua hata kufunga viatu. Hakuniruhusu kuigusa ngoma. Alinipa vijiti viwili na gunia la pamba lililokuwa likingoja kupelekwa kuuzwa.

“Ngoma inakudekeza, mayu,” alisema, akiniita mama kwa lugha ya nyumbani, “inakurudishia kijiti. Pamba hairudishi kitu. Kiinue mwenyewe kwa kifundo cha mkono, bega liache lipumzike.”

Nilipiga kila jioni. Kaka zangu walipita na ng'ombe wakisema naua panya.

Gunia lilipouzwa, akaniwekea ngoma uani. Nikaipiga kwa nguvu zile zile za gunia. Kuku wakatawanyika, ndama akakata kamba, bibi akatoka jikoni na mwiko kuuliza ni nani amefika. Shangazi alikuwa amekaa chini, anajifuta machozi ya kicheko.

“Mkono umekaa sawa,” alisema alipopata pumzi. “Sasa ujifunze kupiga taratibu.”

Gunia halikuwepo tena. Akaingia ndani, akaniletea mto wake wa kulalia.