Wali Ulikuwa Unaungua

Shangazi yangu aliona yote kwa macho yake, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kama ningekuwa peke yangu jikoni mchana ule, ningelinyamazia jambo lenyewe, au ningelificha ndani ya riwaya niliyokuwa nikijaribu kuiandika, mahali ambapo hakuna mtu angenidai maelezo. Lakini simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na ndani ya simu alikuwemo yeye, katika nyumba yake kule Adelphi, mji mwingine wa huku ughaibuni, akiomba.

Tangu mume wake apatwe na kiharusi, Shangazi hakukosa maombi ya saa sita mchana, na alitaka niwe naye kwenye simu hata nikiwa kazini, hata nikiwa nakata vitunguu. "Usiseme kitu, mama," aliniambia. "Wewe kubaliana tu." Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Kwa mila za kwetu mimi ni mama yake mzazi aliyerudi akiwa mdogo, na mama hawezi kumkatia mtoto wake simu.

Kazi yangu ilikuwa Germantown, kumtunza mwanamke mzee kutoka Sri Lanka. Tulimwita Achi, yaani nyanya kwa lugha yao. Nililala hukohuko wiki nzima, katika nyumba nyembamba ya ghorofa tatu iliyobanwa na nyingine kushoto na kulia, kila dirisha likitazama dirisha linalofanana nalo. Mwanawe alikuwa ametia king'ora mlangoni ili mama yake asitoke bila kujulikana. Achi hakuwa akitembea. King'ora kililia kwa ajili yangu tu, nikitoka kutupa takataka, nikitoka kuvuta hewa ya baridi, na kila kilipolia, simu ya mwanawe huko ofisini ilimwambia kwamba mlango umefunguliwa.

Achi alikuwa ameanguka bafuni mwaka uliotangulia. Mfupa uliunga, madaktari wakasema anaweza kusimama, yeye akakataa, akakaa kwenye kiti cha magurudumu kama mtu aliyefika mwisho wa safari na hataki kuulizwa habari za njiani. Siku ile alikuwa mezani akichambua dengu. Nilikuwa nimempa mgongo. Shangazi alikuwa amefika mahali pa kupaza sauti: "Simama! Katika jina la Yesu, simama utembee!" Nikasikia kiti kikigonga meza. Nilipogeuka, Achi alikuwa ameshanipita. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe, kandambili zikiburura sakafuni, hadi kwenye jiko, akazima moto chini ya sufuria, akafunua kifuniko, akanusa, akanitazama kwa hasira.

"Wali unaungua," alisema kwa Kiingereza, lugha tuliyosikilizana kwayo. "Pua yako iko wapi?"

Kisha magoti yakaanza kumtetemeka, nami nikamwahi na kiti.

Kwenye kopo la sukari, Shangazi alikuwa akipiga kelele. "Mama! Umeona? Haki ya Mungu, umeona?"

"Nimeona, Shangazi."

"Lakini si huyu niliyekuwa nikimwombea! Maombi yamepotea njia! Yameenda kwa Mbudha!" Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Ni kama kifurushi wameacha kwa mlango wa jirani. Sasa ni sisi kukichukua."

Namna ya kukichukua niliielewa Jumamosi nilipofika Adelphi. Anko, mume wake, alikuwa akipelekwa mara mbili kwa wiki kwa tabibu wa viungo, mwanamke mtaratibu aliyetuambia waziwazi kwamba mguu hufundishwa katika miezi hii ya mwanzo, na kwamba ukiachwa ulale sasa, utalala moja kwa moja. Shangazi alikuwa ameyasimamisha mazoezi yote.

"Huwezi kumwambia Mungu asimamishe mtu huku wewe umeshika fimbo," alisema. "Hiyo ni kumwonyesha hatumwamini."

Anko alikuwa sebuleni, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu alichoachiwa amshikie mtu. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno. Alinitazama mimi, hakumtazama mkewe.

"Shangazi, mfupa wa yule nyanya ulishaunga. Ilikuwa tu..."

"Ilikuwa tu nini? Mwaka mzima amekaa. Nimesema simama, amesimama. Haya, wewe wa vitabu, eleza."

Sikuweza kueleza. Hapo ndipo niliponaswa. Nilikuwa nimeona jambo nisilolielewa, na mimi ni mtu ninayetamani maajabu kuliko chakula. Lakini nilijua kwamba nikilitamka tu neno muujiza, mguu wa Anko ungekauka pale kitini.

"Kesho unatoa ushuhuda," Shangazi alisema. "Nishamwambia pasta."

Kanisa letu hukutana katika ukumbi wa kukodi karibu na Oxon Hill. Wengi ni Wakenya, na Wakongo na Warundi kiasi. Niliposhika maikrofoni nilikuwa nimeazimia kusema nilichokiona tu, kikavu, kama mtu aliye mbele ya hakimu.

"Ninamtunza mama mmoja mzee," nilisema.

"Amina!"

"Alikuwa hatembei kwa sababu alianguka. Lakini mfupa ulikuwa umeunga."

"Mfupa umeunga! Bwana asifiwe!"

"Alisimama kwa sababu wali ulikuwa unaungua."

Kicheko, makofi. "Mungu anatumia hata wali!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Hajatembea tena tangu siku hiyo."

"Atatembea! Kwa jina la Yesu!"

"Na sijui ni nini kilichotokea. Kweli sijui."

Kanisa zima likasimama. Mama mmoja Mkongo wa safu ya mbele alikuja akanipangusa mashavu, nikagundua kwamba nilikuwa nalia. "Usiogope, mutoto," alininong'oneza. "Mungu hatuambiaka yote." Hapakuwa na sentensi ya kutokea. Kila nililolitupa kama jiwe lilidakwa kama mkate.

Wiki ile Germantown hakukuwa na afadhali. Kila jioni mwanawe Achi, aliyesikia habari kwangu, alirudi kutoka ofisini akiwa amechoka, akaelekeza kamera ya simu kwa mama yake: "Amma, simama tena. Kidogo tu, waone huko nyumbani Sri Lanka." Achi aligeuza uso kuelekea ukutani. Zile hatua alizopiga kwenda kwenye jiko zilikuwa zimemfungia mlango mwingine.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mwezi mpevu, siku yao ya ibada, na mtawa alikuja kama kawaida kusoma sala. Alikuwa bado kijana, ana mafua, amevaa koti zito la baridi juu ya vazi lake la rangi ya zafarani. Alikula chakula chake kabla ya saa sita, kama kanuni za utawa zinavyotaka. Nilipokuwa naondoa sahani nilimweleza yote.

"Alianguka?" aliuliza.

"Hapana."

"Vizuri." Akapenga kamasi. "Na wali?"

"Ulipona wa juu."

Nilimuuliza kama dini yao inaamini miujiza. Alicheka. Miujiza wanayo tele, alisema: watu waliopaa, waliopita kwenye kuta, waliokumbuka maisha ya kabla ya haya. Hakuna anayebishana kuihusu. Ila mtawa akijigamba mbele ya watu kwamba ana uwezo kama huo naye anadanganya, anafukuzwa utawani. Na kama ni kweli, bado ana kosa.

"Hata kama ni kweli?"

"Hata kama ni kweli." Akanisimulia habari ya zamani ya mtawa aliyepaa mbele ya watu kuchukua bakuli la msandali lililotundikwa juu ya mlingoti. Umati ulimfuata kwa shangwe. Buddha alimkemea, akaamuru bakuli livunjwe, lisagwe, unga wake ugawiwe watawa wachanganye na dawa ya macho.

"Kwani kupaa kuna ubaya gani?"

"Kesho yake wangemtaka apae tena." Alimtazama Achi, aliyekuwa anasinzia. "Sisi muujiza tunaousifu ni kufundishwa. Mtu jana hakuweza, leo anaweza, kwa sababu kuna aliyemwonyesha. Lakini unachukua muda, kwa hiyo hauna watazamaji."

Hapo king'ora kililia na Shangazi akaingia. Alikuwa amekuja kunichukua, na mkobani alikuwa na kichupa cha mafuta ya upako. Alimsalimu mtawa kwa mbali, kama mtu anayesalimu mbwa wa watu, akaenda moja kwa moja akachuchumaa mbele ya Achi, kichupa mkononi.

"Nyanya, mimi ndiye niliyekuwa naomba kwenye simu. Ulisikia sauti yangu?"

"Naisikia kila siku," Achi alisema. "Ni kubwa."

"Niliposema simama, ulisikia nini mwilini?"

"Nilisikia harufu."

"Lakini nguvu? Nguvu ilitoka wapi?"

Achi alifikiri. Aliitazama miguu yake kana kwamba ingeweza kumjibia. "Sijui. Na asubuhi yake iliniuma sana. Hakuna aliyeniuliza hilo."

Shangazi alimgeukia mtawa. "Na nyinyi mnasemaje?"

"Hatusemi," alijibu. "Tunakatazwa."

"Mnakatazwa ushuhuda?" Nilimwona akimhurumia kwa dhati. "Sasa mnajuaje kwamba jambo limefanyika?"

"Mara nyingi hatujui," mtawa alisema, akapiga chafya.

Kichupa kilirudi mkobani bila kufunguliwa.

Barabara kuu ilikuwa imeziba. Tuliketi ndani ya gari, mbele taa nyekundu, nyuma taa nyeupe, mvua ya theluji ikiyeyuka kwenye kioo. Shangazi alizima redio.

"Ati ilimuuma," alisema hatimaye.

"Ilimuuma. Nilimkanda kwa maji moto. Sikujua kama niseme."

"Anko analia kule mazoezini. Unajua? Ananishika hivi, analia kama mtoto, na yule mwanamke anasema, vizuri, mara moja tena." Alikuwa ameshika usukani ingawa gari halikuwa likienda popote. "Mimi ndiye ninayempeleka. Akitoka hanitazami hadi jioni. Miaka yote ile, mama, hajawahi kukosa kunitazama. Nilitaka asimame bila mimi kumpeleka mahali pa kuumizwa. Ni hayo tu. Ni mabaya?"

"Si mabaya."

"Basi mpeleke wewe."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na kazi ya wiki nzima, na riwaya iliyosimama njiani, na rafiki wa mji mwingine aliyeniahidi chumba na meza. Pande zote palikuwa na magari na hakuna hata moja lililosogea.

"Nitampeleka," nilisema.

Niliomba ruhusa Germantown, nikawa naondoka asubuhi mbili kwa wiki. Mara ya kwanza Anko alilia kama nilivyoambiwa, na Shangazi, aliyekuwa ametuendesha hadi pale, alibaki garini. Mara ya pili alinisukuma kifuani kwa mkono wake mzima. Mara nyingine baadaye, sikumbuki ya ngapi, Shangazi alishuka garini, akaja hadi kwenye mlango wa kioo, akasimama nje na kutupa mgongo. Tuliliona koti lake la kijani tu.

Tabibu alimfunga Anko mkanda mpana kiunoni, akanionyesha pa kushika, nyuma, kwa mikono yote miwili. "Tembea kuelekea lile koti," alimwambia. Anko alilitazama koti. Mguu mbovu uliburura, ukakwama, ukainuka kidogo, ukatua mbele ya mwenzake. Halafu tena. Uzito wake wote ulining'inia mikononi mwangu kupitia ule mkanda. Hakuwa akilia, alikuwa akinguruma taratibu kama mtu anayesukuma kabati. Ule ulikuwa mwendo wa kwanza tangu kiharusi, nao ulielekea kwa mke wake, na mke wake alikuwa ameangalia maegesho ya magari.

Nilitaka mtu agonge kioo, yeyote, Shangazi ageuke. Tabibu alikuwa amepiga magoti, macho kwenye ule mguu. Mimi nilikuwa na mikono miwili tu, na yote ilikuwa kwenye mkanda.