Kangaruu wa Mitini na Njiwa

Uvumilivu wangu uliishia mlangoni mwa darasa la binti yangu, katika shule ya mtaa wa Sydenham, ugenini tulikokimbilia. Alikuwa akisoma kazi yake: kangaruu wa mitini ni adimu, hubeba mtoto kwenye mfuko wa tumboni, njiwa wamejaa kila msitu. Mwalimu akacheka. "Kama nyinyi wakimbizi. Kila mti mko, mnazaa tu." Darasa zima likaanza kulia kama njiwa. Mwanangu akaniona, akainamisha kichwa.

Nilikwenda ofisi ya shule, nikaandika barua ya malalamiko palepale, nakala mbili.

"Acha hapo mama, tutaisoma," karani akasema.

"Gonga muhuri kwenye nakala yangu kwanza, dada." Foleni za vibali vya ukimbizi zimenifunza: karatasi isiyo na muhuri hupotea.

Akagonga. Niliandika hivi: "Mwalimu amemtukana mtoto wangu mbele ya wenzake. Nataka amwombe radhi mbele ya hao hao."